Akina Mama Hadija wa Chiungutwa

Nawaomba, hili lisitoke nje ya kundi hili. Msilipige picha, msimtumie mtu.

Nimeharibu.

Mnakumbuka nilivyojisifu kwamba mkulima anajisajili kwa simu dakika moja tu, apate salfa, ile dawa ya ukungu wa mikorosho? Niliondoa namba ya kitambulisho kwenye fomu, nikabakiza jina na kijiji. Bosi akanipigia makofi.

Leo salfa imefika ghalani. Wa kwanza kwenye foleni alikuwa mama mmoja wa Chiungutwa.

"Shikamoo, mama. Jina lako?"

"Marahaba. Mama Hadija. Si uliniandika mwenyewe, mwanangu?"

Nikatafuta.

Chiungutwa peke yake, akina Mama Hadija kumi na wanne. Mfumo umewafungia wote, unadhani ni mtu mmoja.

(Ni kweli, walioshindwa kujisajili niliwaandika mimi. Mtu mzima kama yule ningemuulizaje jina lake la utotoni?)

Nyuma yake mtu akasema, "Basi mpe Mama Hadija mrefu!" Foleni nzima ikacheka.

Yeye hakucheka.

"Maua yameshaanza kushika ule unga mweupe," akasema taratibu. "Nikisubiri wiki moja, mwaka huu sina korosho."

Akapanda bodaboda, mikono mitupu.

Bosi hajui bado. Nifanyeje, jamani?

Ukimwona Mama Hadija yeyote, mwambie asinipigie, sipokei simu. Aje kesho asubuhi kabla ofisi haijafunguliwa, mlango wa nyuma wa ghala, na kitambulisho mkononi.

Aninong'oneze jina lake kamili. Nitaliandika kwa kalamu.