Baba Riziki katika Beseni

Nakiri: uvivu wangu wa kutoka nyumbani ndio ulionifanya nimfute mume wa jirani.

Wakati ule wa vita mji wetu wa Baraka, kule Fizi, haukuwa tena na mpiga picha, nami nilikuwa nikichapa picha za buluu kwa jua, uani kwangu. Jirani yangu Mama Riziki alileta negativu ya mumewe aliyekimbilia Kigoma, ili mtoto wao aijue sura ya baba. Nilibakiwa na karatasi moja tu ya kuchapia.

Picha ikatoka, ila hafifu. Ilitaka kuogeshwa katika maji ya ndimu, kwani asidi hukoleza buluu. Ndimu zilikuwa sokoni, mimi nilikuwa kitini. Karibu yangu palikuwa na chupa ya maji ya majivu, ambayo mke wangu alipikia sombe, yale majani ya muhogo, kwa kukosa chumvi. Nikayaonja, yakaniuma ulimi. Mimi niliyesoma biokemia sekondari nikaamua: kinachouma ulimi ni asidi. Nikayamimina katika beseni, nikaitumbukiza picha.

Kumbe majivu ni adui wa asidi, na hula buluu. Shati likaondoka, kisha mashavu. Masharubu yaling'ang'ania hadi mwisho.

Mama Riziki akaja, akaitazama ile karatasi tupu, akanigeukia:

"Papa Neema, bwana yangu alipona marisasi yote ya Fizi, we unamumaliza mu beseni!"