Ummulkheir wa Munje na Ummulkheir wa Bomani

Pale zahanati ya Munje hakuna amwitaye Ummulkheir kwa jina lake. Wote humwita Sista. Mjamzito humwita Sista, mumewe humwita Sista, hata wazee wenye ndevu nyeupe ambao angeweza kuwa binti yao husahau wakamwamkia wao kwanza. Miaka ishirini na miwili yuwazalisha pale pale, na baadhi ya wasichana aliowapokea kwa mikono yake sasa wamerudi kwake na matumbo yao.

Maneno mengi hana. Hukunawa mikono, hukanyagi chumba chake, uwe mama mkwe, uwe chifu. Akimpapasa mwanamke tumbo, atakwambia mtoto amelalaje na kichwa kimeelekea wapi. Ukienda Msambweni kwa daktari mwenye mashine, naye atakwambia vivyo hivyo, ila wewe utakuwa umepoteza siku nzima. Mamake alimsomesha kwa kusuka ukili wa mikeka mpaka ncha za vidole zikapasuka, na Ummulkheir hakuyasahau. Cheti chake amekitia kwenye fremu akakitundika chumbani kwa mamake, si chumbani kwake.

Mtu wa namna hiyo humpaki matope hivi hivi. Watu wa kamati walimpaka.

Ilianzia kwenye simu ya Samuel, katibu wa kamati ya zahanati, mtu wa bara aliyeoa Munje. Si mtu mbaya, ila lililo kwenye simu kwake ni kama limeapiwa. Kamati ilitakiwa kupeleka majina ya wafanyakazi, naye Samuel akaona kwanza ayatazame kwenye yale madaftari ya kazi ambayo siku hizi yamewekwa wazi, kila mwenye simu ayasome. Akaandika Ummulkheir Hashim Jumbe. Wakamtokea wanne.

Jumatatu kamati ilipokaa, akauliza, "Sista, jina yako si ni hii?"

"Ndilo."

"Hapa kuna Ummulkheir Hashim Jumbe wakili, Mombasa. Kuna mwingine mwalimu, Kibuyuni."

Mzee Fondo, mwenyekiti, akacheka mpaka akakohoa. "Kumbe, Sista! Sasa kuzalisha wazalisha saa ngapi?"

"Nikishafunga kesi, Mzee," akajibu, na watu wote wakacheka.

Samuel hakucheka. "Na kuna wauguzi wawili. Majina matatu sawasawa. Mmoja leseni yake ni nzima. Mwingine amesimamishwa. Alifungua chumba cha matibabu Ukunda bila kibali."

Kicheko kikakatika.

"Mwenye leseni nzima ndiye mimi," akasema Ummulkheir. "Namba yangu naijua kwa moyo. Huyo mwingine si mimi."

"Ni nani?"



"Mama," Mzee Fondo akasema, sasa kwa upole, "jina moja likifanana, hilo ni jambo la kila siku. Mawili, haya. Matatu, na kazi ni hiyo hiyo? Watu watasema umejiandikisha mara mbili, huku msafi, huku mchafu. Huyo mtu yupo?"

"Yupo."

"Basi mtaje."

"Sijapata ruhusa yake."

Kamati ikaamua. Mpaka Alhamisi asizalishe, wajawazito waende Msambweni. Alhamisi ikifika na huyo mtu hajajulikana, itaandikwa barua aondolewe. Kanze, mkaza mwana wa Mzee Fondo, aliyekuwa amebakisha siku chache, alipoambiwa aende Msambweni alimwambia mumewe, "Nenda wewe ukazae huko. Mimi Sista ndiye anijuaye."

Wangewauliza akina mama wa Munje, na si simu, wangeambiwa mara moja. Babu yake, Jumbe, alikuwa na wake wawili, mmoja Munje, mmoja Bomani pale Msambweni. Kila mke alijifungua mtoto wa kwanza wa kiume, na kila mmoja akasema mwanangu ndiye atakayeitwa Hashim, jina la baba yake mume. Hakuna aliyekubali kumwachia mwenzake. Wakawa Hashim wawili, baba mmoja. Nao Hashim hao walipopata mabinti, kila mmoja akamwita wake Ummulkheir, jina la mamake Jumbe, kwani bibi huyo ndiye aliyewalea wote. Nyumbani haikuwa taabu: huyu Ummu wa Munje, yule Ummu wa Bomani. Hao wakili na mwalimu ni wa ukoo huo huo, kwa ndugu zake Jumbe, ambao nao waliwapa watoto wao jina Jumbe na wajukuu wao Hashim. Bibi mmoja, majina yamejaa pwani nzima.

Ummu wa Bomani naye alisomea uuguzi. Kwa watu wa huku mwenye jina lako ni somo yako, na somo humsemi mbele za watu, hata jikoni humsengenyi. Ndiyo maana Sista hakumtaja. Kesho yake akafunga buibui akaenda Ukunda.

Alimkuta somo yake kwenye cherehani, akishona madera. Kufungiwa uuguzi hakukumfanya akae bure.

"Hodi, somo."

"Karibu, somo. Waonekana umekonda. Munje hakuna samaki?"

"Samaki wapo, hamu sina. Jina letu limeniingiza matatani."

Akamweleza yote. Mwenzake akaiacha cherehani.

"Sasa wataka nije nijivue nguo mbele ya wazee wa Munje? Hapa kwenyewe nusu ya mtaa hawajui kwamba nimefungiwa."

"Sikuja kukuvuta. Nimekuja kukuambia kwamba sitakutaja."

"Na kazi yako?"

"Nitaiacha."

"Ummu, wewe ni mjinga."

"Ujinga wangu ni wangu. Chai yako iko wapi? Nimetoka mbali."

Wakanywa chai. Jambo hilo hawakuligusa tena. Alipoondoka hakuomba kitu, wala hakugeuka nyuma. Waliomjua tangu utotoni wanajua kwamba hakuwa anatishia. Akisema ataacha, huacha.

Alhamisi zahanati ilijaa. Wanawake walikuwa wamekuja mapema, si kwa matibabu, kusikiliza. Kanze alikuwa kwenye benchi, ameuma kanga yake, uchungu umemshika tangu alfajiri na Msambweni amekataa katakata.

Mzee Fondo akauliza tena, "Mama, huyo mtu ni nani?"

"Jibu langu ni lile la Jumatatu."

"Utatulazimisha tuandike barua."

"Andikeni. Lakini nyinyi wanaume mwandike upesi, huyu Kanze hana siku nzima."

Samuel alikuwa ameshatoa kalamu mwanamke mmoja aliposukuma watu mlangoni, jasho likimtiririka. Hakuna aliyemjua kwa sura. Akaweka kitambulisho mezani.

"Assalamu alaikum. Someni hapo."

Samuel akasoma kwa sauti, "Ummulkheir Hashim Jumbe," kisha akamtazama huyu, akamtazama yule.

"Mimi ndiye niliyefungua chumba Ukunda bila kibali. Nilionywa, sikusikia. Nimefungiwa miezi kumi, imebaki minne. Nimejiandikisha mara moja tu, na huyu mara moja tu. Babu zenu hawakuwa na wake wawili? Mwashangaa nini?"

Wanawake wakapiga vigelegele. Mzee mmoja wa nyuma akasema, "Jumbe huyo! Hata kaburini yuwatusumbua." Samuel akakilinganisha kitambulisho na simu, namba kwa namba, akasema polepole, "Sista, nilikosa. Pole."

 Sista alikuwa amekwisha kusimama, amemshika Kanze kwapani, yuwaenda naye chumbani.

"Somo, nikusaidie?" mwenzake akauliza.

"Wewe umefungiwa. Kaa hapo benchi umpepee mama mkwe wake, atazimia."

"Hata leo?"

"Leo ndiyo zaidi."

Yule mwingine akacheka, akaokota kipande cha boksi, akaanza kumpepea mke wa Mzee Fondo.

Wanakamati walibaki wakibishana jinsi ya kuyaandika yaliyotokea. Mzee Fondo hakutulia. Alikuwa na maneno ya kuomba radhi, ameyapanga vizuri, mzee wa baraza asiyetaka kulala na deni la namna hiyo. Akaenda mpaka mlango wa nje wa chumba, akavua kofia, akajikohoza.

"Sista, mama, mbele ya watu hawa wote mimi nasema..."

"Mzee," ikatoka sauti ndani, "toka hapo mlangoni, wanizibia mwangaza."