Asiguswe

Kwa miaka kumi na minne ya unesi katika wodi ya wanaume mjini Bariadi, Maximiliana hakuwahi kumwombea mgonjwa mabaya. Isipokuwa mmoja. Huyo alimwombea tangu akiwa na miaka kumi na mmoja, tena kanisani, amepiga magoti.

Jumatatu moja akaletwa. Mzee Machibya wa Bukundi, baba yake mkubwa, alikuja kashikiliwa na wanawe wawili. Picha za kichwa alizopigwa Mwanza zilionyesha uvimbe kwenye ubongo, na huo ndio uliokuwa ukimwangusha kifafa. Upasuaji ulikuwa baada ya wiki mbili. Mpaka hapo kazi ilikuwa kumpa dawa kwa wakati na kumchunga asijiumize.

"Mwangaluka, mayu," mzee alimsalimu kwa Kisukuma, akimwita mama. Hakumtambua. Mtenda husahau, mtendewa hasahau.

Tusifichane, Maximiliana alifurahi. Aliingia chumba cha dawa, akafunga mlango, akacheka peke yake.

Mdogo wake, Joyness, alikuwa na kifafa. Siku moja, akiwa na miaka sita, alianguka kwenye moto wa jikoni ugali ukisongwa. Maximiliana aliruka kumtoa, Machibya akamdaka kiunoni na kuwafokea wote waliokuwepo: "Asiguswe! Povu lake likikupata, na wewe umekwisha!" Wengi waliamini hivyo, lakini aliyeziba mlango wa jikoni kwa fimbo alikuwa yeye. Watu wazima wakasimama wakitazama mpaka mtoto akaacha kutikisika. Joyness aliishi siku tisa.

Jumatano, saa ya kuona wagonjwa, ikawa zamu ya mzee. Macho yaligeuka, povu likatoka, mwili ukapigapiga kitanda. Mabula, mwanawe mkubwa, alirudi nyuma mpaka ukutani. Mdogo wake alitoka nje kabisa. Mzee akaanza kuteleza ukingoni, kichwa kikitangulia, na chini ni saruji.

Maximiliana alikuwa hatua tatu tu kutoka pale. Akasimama. Mkuki kwa nguruwe, aliwaza, na siku hiyo aliuona mtamu kweli. Alisimama sekunde tatu nzima, na hazijutii hata leo.

Kisha akamrukia. Alikidaka kile kichwa bila hata glovu, akamlaza mzee ubavu, akamfuta povu kwa kiganja, akatazama saa yake.

"Sista, usimguse!" Mabula alipiga kelele. "Mwenyewe ndiye aliyetukataza."

"Najua alichokataza."

Kifafa kilimwachia baada ya dakika mbili na nusu. Ilipita kama saa moja ndipo mzee akapata fahamu sawasawa.

"Mayu, nani alinishika?"

"Mimi."

"Kwa mikono mitupu? Na povu?" Alimtazama kwa huruma. "Utaugua, mwanangu."

"Siugui. Nimeshika wengi, na hawa wenzangu pia. Kifafa hakiambukizi, baba mkubwa. Hakijawahi kumwambukiza mtu."

Kusikia akiitwa baba mkubwa, mzee aliinua shingo, akamkagua uso. "Wewe ni wa nani?"

"Dada yake Joyness."

Mabula aliinamisha kichwa.

"Kumbe ningemtoa," mzee akasema. "Ningemtoa tu, na kusingekuwa na kitu."

"Ungemtoa tu."

Basi akalia, kilio kibaya cha mtu mzima, mpaka wagonjwa wa vitanda vya jirani wakageukia ukutani. Maximiliana alikuwa amemwekea matusi ya miaka mingi, lakini aliona hayana kazi tena. Hakumbembeleza. Alimwinua kichwa, akamwekea vidonge vya mchana mdomoni, akamshikia maji, akahakikisha vimeshuka.

"Meza vizuri," akamwambia. "Nitakutunza kuliko mgonjwa yeyote humu. Nataka upone, baba mkubwa. Nataka uishi miaka mingi, na kila siku ukiamka, ulijue hili: ungemtoa tu."