Walimfukuza Mwalimu, wakambakiza Kiraka

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, Kiraka anapanga koni uwanjani peke yake. Anaweka moja, anarudi nyuma kutazama kama mstari umenyooka, kisha anaisogeza kwa ncha ya kiatu. Mbele ya goli nyasi zimekwisha. Imebaki ardhi ngumu inayong'aa kama sakafu.

Huyu ndiye kocha mkuu. Kwa usahihi zaidi, kaimu kocha mkuu wa timu inayoburuza mkia wa ligi, iliyoshinda mechi mbili tu tangu msimu uanze. Tangu uongozi ulipopunguza watu kwenye benchi la ufundi, kocha mkuu ndiye mpanga koni, ndiye mpuliza kipenga, na ndiye anayejaza maji kwenye chupa za wachezaji.

"Nilipokuwa mchezaji waliniita Kiraka kwa sababu nilicheza kila namba," anasema, akijifuta jasho kwa mkono wa fulana. "Beki, kiungo, winga. Siku moja hata golini, kipa wetu alipolambwa kadi nyekundu. Sasa naona jina limenikaa vizuri zaidi. Palipochanika, nabandikwa mimi."

Anacheka, kisha anatema mate pembeni.

Wachezaji wanaingia wawili wawili, wengine bado na usingizi. "Habari za asubuhi, kocha," wanamsalimia. Hakuna anayemwita Mwalimu. Katika uwanja huu jina hilo lina mwenyewe, na mwenyewe hayupo.

Mwalimu ndiye aliyemwokota Kiraka kwenye mechi za mitaani akiwa kijana mwenye miguu myembamba na mdomo mrefu. Alimfundisha mpira, na miguu ilipochoka akamchukua awe msaidizi wake. Katikati ya hayo alimpa na mke, dada yake mdogo wa tumbo moja.

"Uwanjani alikuwa bosi wangu, nyumbani shemeji yangu," Kiraka anasimulia. "Mabeki wakilala, nilisemwa mara mbili: mara ya kwanza kwenye vyumba vya kubadilishia nguo, mara ya pili mezani, tena mke wangu akimuunga mkono kaka yake."

Msimu uliopita, Mwalimu alianza kujikwaa kwenye ngazi alizozipanda miaka yote. Kiraka alimpeleka hospitali kwa siri. Daktari akasema ni presha ya macho. Alichokwisha kupoteza hakitarudi, ila kilichobaki kinaweza kulindwa akitibiwa. Kwa wakati huo alikuwa anaona kama mtu anayechungulia kwenye tundu la ufunguo: kilicho mbele yake kidogo anakipata, pembeni kote giza.

Walipotoka pale, Mwalimu alimshika mkono. "Usimwambie mtu. Na dada yangu usimwambie kabisa. Ukimwambia huyo umeutangazia ukoo."

Kiraka akanyamaza. Kuanzia siku hiyo kazi yake benchini ikabadilika. Alisimama ubavuni kwa shemeji yake, kiganja mdomoni kama wafanyavyo makocha wanaoficha mbinu, na kumnong'oneza: namba mbili amechoka, winga wao anaingia ndani, kiungo wetu anacheza peke yake. Mwalimu akishasikia, akili ilikuwa ile ile. Alitoa amri, na amri zilikuwa sahihi.

"Watu walidhani tunashauriana," anasema Kiraka. "Nilikuwa namsomea mechi."

Mambo yaliharibika msimu huu, siku Kiraka alipotolewa nje kwa kumfokea mshika kibendera. Akapelekwa ng'ambo ya uzio, upande wa pili wa uwanja. Timu ilikuwa inaongoza kwa bao moja, zikikaribia dakika za lala salama. Kipa akaruka kudaka kona, akaangukia bega. Akainuka mkono mmoja ukining'inia, akaupunga ule mzima kuelekea benchi.

Mwalimu aliona mkono unapungwa. Akadhani kipa anawahimiza wenzake, naye akampungia: endeleeni! Kipa wa akiba alikuwa ameshasimama anavua koti. Mwalimu akamgeukia kwa ukali: "Kaa chini! Nani amekuita?" Daktari wa timu, ambaye angeingia kumwangalia majeruhi, uongozi ulishamwondoa mwanzoni mwa msimu eti kubana matumizi.

"Nilipiga kelele mpaka sauti ikakauka," Kiraka anakumbuka. "Lakini jukwaa zima lilikuwa linapiga kelele. Nani angenisikia?"

Mabao mawili yaliingia, yote upande wa bega lile. Kabla mashabiki hawajafika getini, neno lilikuwa limeshazaliwa: Mwalimu ameuza mechi.

Wiki hiyo hiyo kamati tendaji ilimwita Kiraka peke yake. Anakikumbuka chumba kile: meza ndefu yenye kioo juu, kabati la vikombe vya enzi zilizopita, feni inayozunguka bila kuleta upepo. Mwenyekiti alimvutia kiti kwa mkono wake mwenyewe.

"Ndugu yangu, timu inakufa," alimwambia. "Lazima tuamue nani abaki na nani aende, makocha na viongozi pia. Wewe uko ndani, sema bila woga. Humu hakitoki kitu."

Katibu akadakia: "Tuanze na huyo shemeji yako. Tunaambiwa amekula rushwa."

Kiraka anasema damu ilimpanda kichwani. Aliyekuwa akiitwa mwizi ni mtu ambaye hajawahi kuchukua hata mpira uliopasuka kumpelekea mtoto nyumbani.

"Mwalimu hajauza kitu," akawajibu. "Mwalimu haoni vizuri."

Neno likatoka, na likishatoka halirudi. Basi akaona alimalize lote. Akasema Mwalimu atibiwe na abaki kama mshauri, kwa sababu kichwa chake bado kinaona kuliko macho ya wengi. Anayepaswa kuondoka, akasema, ni mkurugenzi wa ufundi, aliyesajili wachezaji watatu bila kocha kuwaona wakigusa mpira, mmoja wao akiwa na goti lisilokunjika. Akamwomba na mwenyekiti aache kupiga simu wakati wa mapumziko kubadilisha kikosi.

Mkurugenzi wa ufundi alikuwepo pale mezani, akichezea kifuniko cha kalamu. Mwenyekiti akasimama, akampa Kiraka mkono. "Umesema kiume," akamwambia.

Kesho yake mchana redio ikatangaza. Klabu imeachana na kocha mkuu kwa sababu ya matatizo ya macho, "kama ilivyothibitishwa na msaidizi wake". Viongozi wote wanabaki ili kulinda utulivu. Msaidizi anakaimu.

Mke wa Kiraka alikuwa jikoni anachambua mchele, redio ikiwa dirishani. Yeye mwenyewe anakubali kuzungumza na mwandishi, lakini kwa ufupi na bila kukaa.

"Macho ya kaka yangu nimeyasikia redioni, kama habari za hali ya hewa," anasema. "Na huyu alikuwa analala na habari hiyo kitanda kimoja na mimi."

Tangu siku hiyo, anasema Kiraka, nyumbani chakula kinapikwa na nguo zinafuliwa, ila maneno yamekuwa ya lazima tu. Chumvi iko wapi. Mlango umefungwa? Basi.

Alikwenda kwa shemeji yake kuomba radhi. Mwalimu alifungua mlango mwenyewe, akasimama naye uso kwa uso, kisha akauliza, "Nani?" Hadi leo Kiraka hajui kama hakuonekana au alikataliwa. Alipojitaja, alikaribishwa, akapewa kiti na maji. Mwalimu alimsikiliza mpaka mwisho.

"Ungewaacha waseme nimeuza mechi," akamjibu. "Mwizi akikaa miaka miwili watu husahau, anapewa timu nyingine. Kipofu nani atamwita? Wewe umenitetea mpaka umenimaliza."

Kiraka akainua glasi. Akanywa maji, akaaga.

Ofisini hakuna kilichobadilika. Mwenyekiti bado anapiga simu wakati wa mapumziko. Mkurugenzi wa ufundi amemleta winga mpya anayeogopa mpira wa juu. Yule mwenye goti bado yupo, anachechemea mazoezini asubuhi hii na kuomba radhi kila anapopitwa. "Siyo kosa lake, maskini," anasema Kiraka. "Yeye aliitwa, akaja."

Mashabiki nao hawamwonei haya. Wengine humwita msaliti. Mmoja, muuza viatu wa karibu na geti, huwavunja mbavu wenzake kwa kusema Kiraka sasa kimekuwa nguo nzima, ila makalio ya timu bado yako nje.

Mwandishi alipomtafuta mwenyekiti, jibu lilikuwa moja: "Tulisikiliza maoni ya wataalamu wote. Ya uongozi tuachieni uongozi."

Kwa nini hakujiuzulu? Swali hilo Kiraka ameshaulizwa na wengi, na kila mara hutazama kwanza uwanjani. "Nina watoto wanaokula," anasema. "Na kusema kweli, walinibakiza kwa sababu walijua sitaondoka. Hakuna sifa nyingine waliyoiona kwangu. Hilo ndilo linalonichoma."

Mkutano mkuu wa wanachama utafanyika ligi ikiisha. Viongozi watasimama tena kuomba kura, na kaimu kocha atatakiwa kusoma taarifa ya ufundi mbele ya watu wote. Kiraka anasema hataisoma. Atasimama na kusema kila alichokisema kwenye chumba cha vikombe: usajili wa gizani, simu za mapumziko, daktari aliyeondolewa. Atasema pia kwamba Mwalimu hakuuza mechi. Baada ya hapo hategemei kuwa na kazi.

Amemwambia mkewe. Ilikuwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu kwa mazungumzo yao kupita habari za chumvi na mlango. Mama huyo alimtazama, akaendelea kukunja nguo, kisha akasema, "Nitakuja kusikiliza. Kukupigia makofi, hapana."

"Na kaka yako?" Kiraka akamuuliza.

"Nikimshika mkono, atafika."

Kiraka anapuliza kipenga. Wachezaji wanajipanga nyuma ya koni, yule mwenye goti akiwa wa mwisho.

"Wakinifukuza sawa," anasema, akirudi uwanjani. "Ila safari hii Mwalimu atakuwepo, asikie nilichosema kwa masikio yake. Asinisikie redioni."