Skrubu ya Mwisho

Fundi anayefunga majeneza pale chumba cha maiti ni mtu wa maneno machache na mikono mizito, lakini mikono hiyo hupita juu ya mbao taratibu, kama ya mama anayemfunika mtoto. Kwanza hupitisha kidole kwenye utepe wa mpira unaozunguka ukingo, akitafuta pengo. Skrubu hazikazi kwa kufuatana. Hukaza ya pembe hii, kisha ya pembe inayoikabili, ili kifuniko kikae sawasawa. Akimaliza hugonga mbao kidogo, akasema, "Haya, safari njema."

Siku moja binti wa marehemu aligoma kupanda gari lililobeba jeneza. Safari ilikuwa ndefu, jua kali, naye aliogopa kwamba harufu ndiyo itakayombakia kichwani kila akimkumbuka baba. Shangazi zake wakaanza kumgombeza. Fundi akawanyamazisha kwa kuinua kiganja.

"Mwanangu," alisema, "watu hudhani tunafunga ili kumtenga na nyinyi. Tunafunga ili mkae naye karibu bila hofu. Humu hakitoki kitu." Akampa bisibisi. "Imebaki moja. Kaza wewe."

Binti alikaza huku machozi yakimtiririka, kisha akainamisha uso mpaka kwenye maungio, akavuta pumzi. Harufu ya vanishi tu. Akapanda wa kwanza, akalikumbatia jeneza lote, hata shangazi mmoja akalalamika, "Sogea basi, mama! Na sisi ni kaka yetu huyu."

Binti akacheka, akasogea.