Mpimaji Aliyefunga Komeo

Mpimaji wa misuli ya haja kubwa alikuwa mama wa vidole vifupi, aliyekipasha kipira cha kupimia joto kiganjani kabla ya kukiingiza kwa mgonjwa, huku akiilaani mashine iliyoletwa na soko huria bila vipuri. Felista, mkulima wa Mlali ambaye choo kilimtoka chenyewe tangu uzazi wa mwisho, alishamchoka mpimaji huyo. “Bana, mama. Usiachie,” mpimaji akaamuru. Akabana, mshale wa mashine ukapanda. Mlango ukafunguliwa, mtu akaamkia: “Shikamoo, mama.” “Marahaba,” akaitikia Felista, misuli ikalegea na mshale ukaanguka. Ilipotokea mara ya tatu, mpimaji alisonya, akafunga komeo. “Ukilala tena mshale huu, madaktari watakupasua.” Nje watu wakaamkia, wakarudia. Mpimaji, mwenye kumfokea yeyote asiyeitikia salamu, akauma midomo. Felista naye akauma yake. Mshale haukushuka.