Aliyefagia Ngazi za Mzee Hinrich

Haya sikuhadithiwa na mtu. Yalinikuta mwenyewe, na sikuwa na homa wala usingizi. Ukitaka kucheka cheka, lakini nisikilize kwanza.

Nilikuwa nikimhudumia Mjerumani mmoja, Mzee Hinrich, nyumbani kwake Champlin, nyumba ambayo mlango wake wa nyuma unatazama mto Mississippi. Moyo wake ulikuwa umechoka kabisa. Alikuwa na ombi moja tu: aishi mpaka Jumamosi, binti yake aje amwone.

Kutwa alinisimulia Bremen, bandari ya mtoni alikozaliwa. Wewe umewahi kuona mji mzima unanukia kahawa? Yeye alikulia humo, kati ya viwanda vya kukaanga kahawa na maghala ya pamba. Uwanjani pana sanamu ya mawe, shujaa mwenye upanga. Na kijana akitimiza miaka thelathini hajaoa, marafiki humpeleka akafagie ngazi za kanisa kuu mbele za watu, mpaka msichana ambusu. Nilicheka sana. Nikamwambia kwetu Mombasa makapera wangefagia mpaka ngazi ziishe.

Hakucheka. Kaka yake, Klaas, alikuwa baharia wa meli zilizochukua kahawa na mkonge Mombasa na Tanga. Alitumbukia mtoni pale gatini akafa maji, siku chache kabla ya kutimiza thelathini, fagio lake limeshanunuliwa.

"Tangu hapo ananifuata," Mzee aliniambia. "Huniita mlangoni kwa Kijerumani. Asipojibiwa hawezi kuingia. Usimjibu, binti yangu. Nisaidie nifike Jumamosi."

Nikamwahidi. Kijerumani chenyewe sijui hata neno, ningemjibu nini?

Ijumaa ile ilikuwa ya Desemba, na saa kumi na moja jioni giza lilikuwa limeshaingia, kawaida ya huku. Nilikuwa jikoni nampozea uji. Nikasikia mtu anafagia ngazi za nyuma, nikadhani jirani anatuondolea theluji. Kisha sauti ya mwanamume, Kiswahili safi: "Hodi."

Niamini, sikufikiri. Wewe ungefikiri? Neno hilo nimeliitikia tangu nijue kusema. Na huku watu wanapiga kengele na kutuma meseji, nilikuwa sijalisikia mlangoni kwa muda mrefu, hata moyo ukafurahi. "Karibu," nikasema.

Mlango niliokuwa nimeufunga kwa ufunguo ukafunguka. Akaingia kijana mrefu, koti lake la ubaharia linachuruzika maji, ananuka kahawa mbichi na matope. Mkononi ana fagio. "Ahsante, dada," akasema bila kunitazama, akaenda moja kwa moja chumbani.

Nilimkimbilia Mzee, nikamkumbatia, nikasoma kila dua niliyofundishwa chuoni. Nikamlilia yule kijana: "Mwache mpaka kesho tu, nakuomba." Alimnyooshea mdogo wake fagio. Mzee akanitazama, macho yamejaa machozi, akalipokea. Mwili wake ukapoa mikononi mwangu.

Binti yake alifika kesho yake. Sakafu ya chumba ilikuwa bado imelowa.

Rafiki yangu wa kazini aliniambia, "Girl, uko na stress. Chukua off, ulale." Nilichukua. Nikahamia Richfield, mbali na mto. Lakini jioni nasikia ngazi za nje zinafagiwa, na sasa mafagio ni mawili. Halafu naitwa "hodi" kwa sauti ya Mzee, ambaye Kiswahili hakukijua hata kidogo. Ananitaka nini? Sijui. Naogopa, na nimechoka kuogopa.

Kwa hiyo nakuonya wewe unayesoma: usimkaribishe mtu ambaye hujamwona uso, hata kama unaijua sauti yake. Mimi siwezi tena kumkaribisha mtu yeyote.

Mwezi uliopita mama yangu alikuja kunitembelea. Jioni moja alitoka kwa jirani, akapiga hodi mlangoni kwangu. Nilitamani kuitikia, mdomo ukakataa. Kuchungulia sikuthubutu, maana je, nikiona fagio? Nikakaa chini nyuma ya mlango, nimejiziba mdomo, nalia. Nje theluji ilikuwa inaanguka, naye hajazoea baridi.

"Mwanangu," akasema taratibu, "nimekukosea nini?"

Sikumjibu.